Kidole Gumba cha Baba Mkwe

Msumeno wa umeme haukumchukua seremala mkono. Ulimchukua ncha mbili tu, ya kidole cha shahada na ya kile cha kati, mkono wa kulia. Daktari alisema amebahatika. Mkewe alisema amebahatika. Mafundi wenzake wa karakana walikuja na machungwa, wakakaa kwenye makochi wakilirudia neno hilohilo, mpaka mwenyewe akawaambia, "Haya, bahati nimeshaipokea. Kunyweni chai."

Kazi haikumshinda. Mwezi wa tatu tangu aumie alikuwa ameshairudia. Randa alishika, nyundo alishika, na kabati la jirani likasimama wima kama askari. Kilichomkaa rohoni ni upinde.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila Jumamosi alasiri, alikuwa akienda kwenye uwanja ulio nyuma ya shule, ambako watu kumi na wawili hivi walikutana kulenga shabaha za majani makavu kwa pinde za mbao. Nyingi ya pinde hizo alizichonga yeye. Wengi wa watu hao aliwafundisha yeye, na somo lake la kwanza lilikuwa moja: kidole cha shahada juu ya mshale, viwili vinavyofuata chini yake, vuta ugwe, ile kamba ya upinde, mpaka shavuni. "Hakuna namna nyingine," alikuwa akiwaambia. Sasa kati ya vidole hivyo vitatu, viwili havikuwa na ncha ya kukamata kitu, na mzee wa watu alikuwa amejifunga kwa kamba ya maneno yake mwenyewe.

Aliyeliona hilo kwanza ni mkamwana wake, fundi cherehani. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo yeye aliishi na wakwe zake, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, penye mwanga. Jumamosi moja baba mkwe aliingia humo, akautungua upinde ukutani, akaufuta vumbi, akajaribu kuuvuta. Ugwe ukamponyoka. Akajaribu tena, ukamponyoka tena. Akautundika, kisha akageuka kutazama kama kuna aliyemwona. Mkamwana aliinamisha kichwa haraka na kukanyaga cherehani kwa bidii, ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Jioni ile mavyaa wake, mke wa mzee, alimfuata jikoni. "Mwanangu, huyu mzee atanitoa roho. Jumamosi zote yumo humu ndani. Leo amepanga sufuria zangu kwa ukubwa. Wewe si fundi? Mshonee kitu atoke!"

Akamshonea. Alichukua ngozi ya mkoba wa zamani, akashona vifuko viwili vya vidole na kuvijaza pamba ncha zake. Baba mkwe alivivaa, wakatoka uani, akavuta. Vikateleza.

"Asante, mama," alisema kwa upole. Alipofurahi au alipohuzunika, alimwita mama. "Lakini sihisi ugwe. Ni kama kumsalimia mtu kwa mguu wenye soksi."

"Basi tujaribu vidole vingine, baba."

"Vipi?"

"Si vipo vitatu vizima?"

Wakajaribu. Cha pete na cha mwisho viliuvuta upinde nusu, kisha vikatetemeka na kukata tamaa. Kuufinya mkia wa mshale kati ya gumba na kidole, kama mtu aonjaye chumvi, kungefaa upinde laini wa mtoto, lakini ule wake ulikuwa mgumu. Akajaribu kuvuta kwa mkono wa kushoto, ila jicho alilozoea kulengea lilikuwa la kulia. Mshale ukapita mbali na gunia la maranda walilolifanya shabaha na kutua kwenye kamba ya nguo.

"Ehe!" sauti ya mavyaa ikatoka dirishani. "Sasa unawinda mashuka?"

Baba mkwe akaweka upinde chini. Mkamwana alimwona akiutazama mkono wake kama mtu anayetazama chombo alichoazimwa, akaona aibu kuendelea kumtazama. Akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa akishona koti zito, na uzi wake ulikuwa mnene, wa kuvutwa kwa nguvu. Aliuzungusha kwenye kidole gumba, akakibana kwa kidole cha pili, akavuta. Akasita. Akautazama mkono wake. Kisha akatoka mbio uani, uzi ungali umening'inia.

"Baba! Gumba!"

"Gumba limefanya nini?"

"Vuta kwa gumba. Likunje kwenye ugwe, halafu hivi vifupi vilifunge kwa juu. Kufunga hakuhitaji ncha."

Mzee akakunja uso. "Nimesikia kuna nchi wanavuta hivyo, tena juu ya farasi."

"Basi wao wana farasi, wewe una mimi."

Mzee akakunja gumba. Ugwe ukaja. Ukaja mpaka shavuni, na vile vidole vifupi vilikaa juu ya ukucha kama komeo la mlango. Mavyaa, aliyekuwa akianua mashuka yake, alisimama akiwa na vibanio mdomoni.

Tatizo likawa mshale. Kila alipovuta, ulianguka. Aliuweka ulipokaa miaka yote, upande wa kushoto wa upinde, na kila mara ulijiondokea kama mgeni aliyechoka na maongezi. Ulianguka mara sita. Mkamwana alichuchumaa karibu, akautazama ugwe kwa macho yaliyozoea nyuzi.

"Unajisokota," alisema. "Vidole vilikuwa vinausokota huku, mshale ukaegemea upinde. Gumba linausokota kule, linausukuma nje. Uhamishe, baba. Uweke kulia."

"Miaka ishirini mshale unakaa kushoto!"

"Na miaka ishirini ulikuwa na vidole kumi vizima."

Neno lilishatoka. Mkamwana aliganda. Tangu aolewe hakuwahi kumjibu baba mkwe hivyo, na tangu ile ajali hakuna aliyethubutu kumkumbusha alichopoteza ila kwa kusema bahati. Mzee alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mkamwana akadhani analia. Kumbe kicheko, kicheko kilichomfanya ashike ukuta.

"Lo!" alisema akifuta macho. "Kweli kabisa, mama. Kweli kabisa."

Akauhamishia kulia. Mshale ukatulia, ukaruka, ukazama kwenye gunia.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya sindano. Pete ya ngozi ya kulikinga gumba na ugwe ilishonwa mara tatu: ya kwanza ilibana, ya pili iliruka pamoja na mshale, ya tatu ikakaa.

Jumamosi iliyofuata walikwenda uwanjani pamoja. Wenzake walishusha pinde zao walipoona anavyoshika. Mshale wa kwanza ulikwenda majanini. Wa pili uligusa ukingo wa shabaha. Wa tatu uliingia upana wa vidole vinne kutoka katikati, na watu wakashangilia kama harusi.

Kinyozi, mmoja wa wanafunzi wake, aliyekaripiwa miaka saba kwa kuweka vidole vyote vitatu chini ya mshale, akasogea. "Fundi, nilidhani hakuna namna nyingine."

"Nilikosea. Weka vyako chini, kama vinakufaa."

"Nimekuwa nikiviweka siku zote, ukigeuka."

Kisha mzee akampa mkamwana upinde laini. "Haya, na wewe."

"Nishikeje?"

"Utaniambia mimi."

Alijaribu kwa vidole vitatu, akajaribu kwa gumba, akarudi kwenye vitatu vyote chini, kama kinyozi. Mshale wake ulipita juu ya shabaha, ukavuka ua. Waliutafuta wote wawili mpaka magoti yakajaa nyasi, hawakuuona.

Walipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mavyaa, alipoona nyumba hatimaye haina mzee, alikwenda kumtembelea dada yake na ufunguo akaondoka nao. Wakakaa kizingitini. Gumba la mzee lilikuwa limevimba. Alilinyoosha mbele ya mkamwana, naye akalipuliza.