Ndama Nyuma ya Kapela

Watu wa kwetu Kingi wanasema mimi Nyirabahire niko na kichwa kigumu. Waseme! Ule mwaka wa 1953 kichwa chepesi kingenipotezea mutoto.

Ilikuwa siku ya Yenga, Jumapili, asubuhi, tunasali ndani ya kapela yetu ya miti na majani. Wanaume waliacha fimbo zao inje, kwenye ukuta, maana kwetu muntu haingii mbele ya Mungu na fimbo. Ndayambaje alijua ile desturi vizuri. Alitaka kuoa Epiphanie, mutoto wangu, na sisi tulikataa ngombe zake za mahari mbele ya watu wote, kwa sababu mutoto mwenyewe alisema hamutaki. Basi akakuja na vijana wake, wakaokota fimbo zote, wakazunguka kapela. Yeye mwenyewe alishika kinga cha moto.

"Mutoe Epiphanie," akapiga kelele, "ao ninachoma!"

Papa Kabera, mulimaji wa mahindi, hata si ndugu yetu, akaenda kusimama mulangoni. Mikono mitupu, mama yangu! Wakamupiga fimbo ya bega, akaanguka magoti, akasimama tena. Katekista Munyakazi akasimama kando yake.

Epiphanie akanishika nguo. "Mama, acha niende. Wasichome watu kwa sababu yangu."

Uchungu wa mutoto anaujua muzazi. Niliogopa, lakini hasira ilikuwa nyingi kuliko woga. Nikamwambia: "Hauendi popote! Hawa wapumbavu hawajui ni nani alikuzaa."

Nyuma ya kapela kulikuwa lupango, zizi la ndama wetu. Kila Yenga, kisha sala, tunakamua pale, watu waliotoka mbali wakunywe, na ngombe haachi maziwa kama ndama wake haiko pembeni. Mama za wale ndama walikuwa wanakula majani pale juu ya kilima. Nikatoboa ukuta wa majani nyuma ya altare, Mungu anisamehe, nikatokea mu lupango. Nikachagua ndama wa ngombe mukali kuliko wote, nikamukunja sikio kwa nguvu.

Ndama akalia! Wenzake wakaitika. Ee, wapi kungoja: ngombe zikashuka kilima pembe mbele, zinanguruma. Vijana wa Ndayambaje wakatupa fimbo, kila muntu na njia yake. Mimi nilicheka kwa sauti, sifichi. Kinga cha moto kikazimika mu matope.

Ndayambaje alibaki peke yake, na yule ngombe mukali nyuma yake. Alikuwa na fasi moja tu ya kukimbilia, mulango wa kapela. Papa Kabera akasogea kidogo, na Ndayambaje akaanguka ndani, mbele ya miguu ya watu, jasho linamutoka.

"Tumurudishe inje!" wanaume wakasema. "Ngombe wanamungoja!"

"Na mbio!" nikaongeza mimi, nilipokuwa ninapita tena kwenye tundu langu.

Wakamushika mikono na miguu. Epiphanie akasimama kati yao na mulango. Sauti yake ilitoka ngumu.

"Hapana. Mu hii nyumba hakuna muntu anatolewa kwa nguvu."

Wakamuachilia. Akamugeukia Ndayambaje pale chini.

"Na weye pia," akamwambia. "Kaa."