Mwaka wa Daraja

Fundi miwani hakuweza kutulia. Tangu dada yake aingizwe chumba cha upasuaji, alikuwa akizunguka ukumbi wa hospitali kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka shemeji yake, aliyejikalia na chupa ya maji mapajani, uvumilivu ukamwisha.

"Shemeji, utatuchimbia shimo hapa. Si dada'ko alikwambia uende?"

Kweli alimwambia. Akiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, dada mtu, mwalimu wa hesabu asiyejua kubembeleza, alimnyooshea kidole: "Usinikodolee macho. Nenda kakitafute kile kikopo."

Kikopo chenyewe kilikuwa cha mchezo wa kwenye simu. Watu wasiojuana huficha vikopo mjini na kuacha mafumbo. Ukipata majibu, tarakimu zake hukuonyesha mahali kwenye ramani. Ukikiona, unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, unakirudisha. Hiki kiliwatoa jasho ndugu hao wawili. Fumbo lililobaki lilitaka mwaka ambao gari la kwanza lilivuka daraja la zamani. Kibao cha darajani kilitaja mwaka, lakini kila walipouingiza, ramani iliwatosa katikati ya mto.

Basi fundi akaenda maktaba, nusu akitembea nusu akikimbia, simu mkononi isije ikalia asiisikie. Akamwomba mkutubi magazeti ya enzi zile.

"Ya mwaka wa kibao tulishayapekua," akasema. "Nipe yaliyofuata."

Akafunua kurasa, maneno yakimpita machoni bila kuingia kichwani. Alilifunga jalada aondoke, akajiuliza aende wapi, akalifungua tena. Ndipo akaiona picha: lori lililovishwa maua, liko katikati ya daraja. Chini yake iliandikwa kwamba mafuriko yalichelewesha ufunguzi hadi mwaka ule, na kibao kilikuwa kimeshachongwa.

"Kumbe kibao kiliwahi, daraja likachelewa!"

Mkutubi akaweka kidole mdomoni, lakini mteja alishafika mlangoni.

Safari hii ramani ilimpeleka ukingoni, kwenye ngazi za mawe zinazoteremkia mtoni. Akapiga magoti topeni, akapenyeza mkono nyuma ya jiwe lililolegea. Vidole vikagusa bati. Simu ikalia.

"Wamemtoa," shemeji akasema. "Daktari anasema uvimbe wote umetoka. Ameanza kuamka."

Akalia palepale, kikopo mapajani, bila kujali wapita njia. Kalamu alikuwa nayo, na kifuniko kilimtekenya vidole. Hata hivyo, roho ilimkataza kukifungua peke yake. Akakirudisha, akakimbilia hospitali.

Dada alikuwa amelala chali, midomo mikavu. "Umekipata?"

"Nimekipata, dada. Sijakifungua. Ukipona tutaandika majina pamoja."

Mwalimu akafumbua jicho moja. "Mjinga wewe. Mwingine akitutangulia?"

Fundi miwani akatazama mlango. Hilo hakuliwaza.

"Rudi," dada akanong'ona. "Sasa hivi. Na langu liandike juu."

"Mwache jamani, hata maji hajanywa!" shemeji akasema, akimsogezea fundi chupa.

Akaipokea, akapiga funda moja akiwa wima, na kutoka.