Jina la Tsukada Munehira

Wamongoli walipotuvamia mara ya kwanza, baba yangu mdogo Munehira alisogea mbele ya safu pwani ya Hakata, akaanza kutaja jina lake na la babu zake, kama afanyavyo kila shujaa wetu kabla ya kupigana. Wamongoli hawakuijua desturi hiyo. Walicheka, wakamchoma mshale begani kabla hajalifikia jina la babu wa pili. Tangu hapo majirani walimwita Nusu Jina.

Miaka saba baadaye walirudi. Tulikiendea chombo chao kimoja kilichotia nanga karibu na ufuko, kwa mashua mchana kweupe, mishale ikitunyeshea.

"Leo usijitaje, Baba mdogo! Panda tu!"

"Nyamaza, mtunga mashairi! Mwenye domo hapa ni nani?"

Akashika kamba ya nanga, akapanda kimya kama paka, nami nyuma yake, na wenzetu nyuma yangu. Tulipigana mpaka wengi wao wakajitupa baharini. Nahodha wao akaangusha upanga, akapiga magoti. Mkorea mmoja miongoni mwao aliyejua lugha yetu akasema, "Anauliza, ninyi ni nani?"

Beti zangu za kujibu zilikuwa tayari kifuani. Nikazimeza, nikamtazama Munehira.

Alisimama omoni, mbele kabisa ya chombo, damu ikimtiririka, akajitaja: yeye, baba yake, babu zake wote hadi wa kwanza. Hakuna aliyemkatiza. Na kule ufukweni, juu ya ukuta wa mawe tuliojenga baada ya uvamizi wa kwanza, majirani wale wale waliitikia kila jina kwa kishindo.