Haja Yangu kwa Mijrin

Kahawa ilikuwa inapoa mbele yangu mchangani. Ng'ambo ya moto aliketi Mijrin bin Ghubaish, birika mkononi, akikitazama kikombe changu kama mtu aliyemwona nge karibu na mguu wake. Huwaidin, polisi mwenzangu, alikuwa amekwisha kunywa chake, na uso wake ulionyesha kwamba anajuta.

"Kunywa, mwanangu," akasema Mijrin.

"Nitakunywa, ami. Lakini nina haja."

Kwetu hilo ni neno zito. Mgeni akiweka kikombe chini bila kukionja, mwenye hema hana pa kutokea: ama aikubali haja kabla hajaijua, ama wajukuu zake waje kuambiwa kwamba kwa babu yao mgeni aliondoka na kiu. Mimi nilijua, naye alijua. Na chini ya joho langu, kwenye mkanda wa polisi, pingu zilikuwa zikinichoma ubavuni.

Mkanda ule nilikuwa nao tangu majira ya baridi. Ukame ulikuwa umetumalizia ngamia, nami nikaacha jangwa na kumleta mama yangu na dada zangu mjini, tukajibanza kwenye kibanda cha makuti ufukoni. Ndipo nikasikia kwamba Waingereza wamemshauri Sheikh, mtawala wetu, aunde polisi. Mlangoni mwa ngome nilimkuta Kapteni wao, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na pembeni yake sajini wake, Shaushi Fayadh, mtu wa Yordani, mwenye masharubu ambayo nadhani aliyalisha kwanza kabla ya kula yeye.

"Ulizaliwa lini?" akaniuliza shaushi.

"Mwaka wa nzige."

"Nzige gani? Nchi hii kila mwaka ina nzige!"

"Wale wa pili."

Wakanichukua hivyo hivyo. Niseme kweli, kwenye kwata nilikuwa kituko. Buti zilinishinda, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa na akili zake. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa adabu. Siku moja tumepanga mstari, Kapteni anatukagua, binamu yangu akapita na ngamia wake nje ya lango. Nikatoka mstarini. Ningefanyaje? Tukagusana pua, nikamuuliza habari za malisho, za mvua, za mzee wake, naye akaniuliza zangu zote, ndipo nikarudi mahali pangu nikasimama wima.

"Musabah!" shaushi akanguruma. "Ulikwenda wapi?"

"Yule ni binamu yangu, shaushi."

"Na mimi je, ni nani?"

"Wewe nilikwisha kukusalimu asubuhi."

Nilizungushwa uwanja mzima na bunduki kichwani hadi adhuhuri, wenzangu wakicheka hadi machozi. Hata hivyo niliipenda kazi ile, naipenda mpaka leo. Niliipenda sinia ya wali na samaki tuliyoizunguka pamoja, watu wa makabila ambayo baba zao walikuwa wakiviziana visimani. Nyumbani nako chungu cha mama kilikuwa kinachemka tena. Nilikuwa na raha, na niliogopa mno kuipoteza.

Basi ikatokea ugomvi kisimani, Mijrin akamchoma kisu mlinzi wa kisima begani, kisha akarudi zake mchangani kwa watu wake. Mlinzi akapona, lakini Sheikh alitaka hukumu. Kapteni akanichagua mimi na Huwaidin kwa kuwa ni watu wa jangwani, na maneno yake shaushi aliyafasiri yalivyo: "Mlete akiwa na pingu mikononi. Ukishindwa, vua mkanda wangu uende zako."

Tulipokuwa tunafunga matandiko, shaushi akanisogelea. "Usinywe kahawa ya mtu yule."

"Nisipokunywa ataniona adui, atanipiga risasi."

"Na ukinywa?"

"Nitakuwa mgeni wake."

Akayasokota masharubu kwa muda. "Mungu akusaidie," akasema, "maana mimi sijui."

Ndivyo nilivyofika kwenye kikombe kile. Mijrin akavuta pumzi, akaweka birika chini.

"Haja yako nimeikubali. Sema."

"Ni wewe, ami. Sheikh anakuita kwa habari ya yule mlinzi."

Nyuma ya pazia kinu cha wanawake kikanyamaza. Mijrin akanikodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Loo! Nami nilidhani unamtaka binti yangu. Nimeshaanza kukupangia ngamia wa mahari!" Akakimwaga kile kilichopoa, akanimiminia kingine. "Kunywa basi. Neno langu ni neno."

Nikanywa. Pale ningeinuka, lakini nilikuwa na njaa, na mbele yetu zikaletwa tende na samli na mkate wa moto. Tukala tukashiba. Ndipo akili ikanirudia. Mtu umekula chakula chake, unamtiaje chuma mikononi?

"Zitoe sasa," Huwaidin akaninong'oneza.

"Zitoe wewe."

"Mimi? Mimi nimekula kukushinda!"

Pingu zikabaki mkandani. Tuliingia mjini Mijrin akiwa mbele, jambia kiunoni, sisi nyuma yake, na watu wa sokoni wakadhani yeye ndiye aliyetukamata. Kapteni alikuwa amesimama uwanjani. Alisema jambo kwa sauti ya chini, na kwa Mzungu sauti ya chini ndiyo ya kuogopa.

"Kapteni anauliza, nani kamleta nani?" akafasiri shaushi, na hakuna aliyethubutu kucheka. "Anasema mfunge sasa hivi, au vua mkanda."

Nilikiona chungu cha mama kikipoa. Nilimwona dada yangu mdogo akilala na njaa tena. Machozi yalinilenga, nami sikuyaficha.

"Siwezi, shaushi. Chakula chake bado kimo tumboni mwangu."

Nikafungua mkanda, nikaukunja vizuri kama nilivyofundishwa, nikauweka chini pamoja na pingu zake.

"Huyu mtoto anafanya nini?" Mijrin akauliza. Shaushi akamweleza, kwa maneno machache, akiwa ameinamisha kichwa.

Mijrin akachomoa jambia lake kiunoni akampa Huwaidin. Akaziokota pingu, akanitia mkononi, akasimama mbele yangu na kuninyooshea mikono miwili.

"Funga."

"Ami, mimi..."

"Uliomba, nikakubali. Sikukubali nusu. Mimi si mtu wa kutoa ngamia nikabaki na hatamu. Funga, usiniaibishe mbele ya wageni."

Nikazishika pingu kichwa chini. "Geuza," shaushi akanong'ona, "geuza upande wa pili." Nikageuza. Zikafungika.

"Sasa mwambie Mzungu wako," Mijrin akamwambia shaushi, "mkanda wa kijana uko chini, unaingia vumbi."

Kapteni alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema neno moja. Shaushi hakulifasiri. Aliinama mwenyewe, akauokota mkanda, akaukung'uta kwenye suruali yake iliyopigwa pasi, akanivika na kuukaza hadi nikakosa pumzi.

"Kesho kwata kama kawaida," akasema. "Na huo mguu wako wa kushoto bado ni aibu."

Sheikh alimhukumu Mijrin kumlipa mlinzi na kukaa ngomeni hadi tende zilipoiva. Mimi nilikaa katika polisi hadi nilipoota mvi, na vijana wengi walijifunzia kwangu kuvaa buti. Nimewafunga wengi pia: waliokimbia, waliouma, waliomtukana mama yangu aliyekwisha kufa. Vijana hao huniuliza mtu wa kwanza kumkamata alikuwa nani. Huwaambia kwamba wa kwanza sikumkamata. Nilipewa.