Utani Usio na Sauti

Bi. Sabaha alikubali kupigwa picha za sinema kwa sharti moja, na alilitoa akiwa amekalia mbuzi, akikuna nazi, bila hata kuinua uso.

"Usinitie aibu, Shomari. Bwana soko anagawa meza mwezi ujao. Miaka minane nauza nazi chini hapa, jua langu, mvua yangu. Safari hii jina langu limo kwenye karatasi yake. Hicho kidude chako kisije kikanifuta."

"Shangazi, naapa..."

"Usiape. Fanya tu."

Hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa jirani wa mama yake huko Kisarawe, na Shomari alipoingia mjini na kisanduku cha bati, wali wake wa kwanza aliula kwa Bi. Sabaha. Ndiyo maana, alipopewa nafasi ya kutengeneza picha yake mwenyewe, hakufikiri mara mbili.

Mwaka huo wa 1955 Shomari alikuwa mmoja wa vijana sita waliochaguliwa kujifunza sinema kwa miezi sita, katika nyumba moja nyuma ya Posta. Mwalimu wao, Bwana Pelham, alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni. Aliwaambia kwamba maisha ya kweli yanaweza kupigwa picha kwa njia zaidi ya moja. Iko picha inayotumikia maneno: msomaji anaeleza, picha inatoa ushahidi. Hiyo walianza nayo, wakatengeneza picha ya kunawa mikono kwa sabuni, na Shomari alipiga miayo tangu mwanzo mpaka mwisho. Iko picha inayokwenda kwa mizani kama shairi. Wakaipiga picha mvua ikidunda juu ya mabati ya karakana za Gerezani. Hiyo aliipenda. Lakini siku Bwana Pelham alipoeleza picha inayotazama tu, ambayo mpigaji wake hukaa kando, haamrishi, haulizi, haongezi kitu, Shomari alitoka darasani akitembea kama mtu mwenye homa. Aliona hiyo ndiyo njia ya waungwana. Nyingine zote zilikuwa ulaghai wenye adabu.

Kila mwanafunzi alipewa mkanda mmoja, dakika tatu kasoro. Kamera yenyewe ilitiwa ufunguo kama saa ya mezani. Ukiijaza mpaka mwisho inakwenda nusu dakika au chini ya hapo, kisha inasimama, upende usipende.

Alikwenda sokoni na rafiki yake Onesphory, kijana wa Marangu aliyekuwa naye darasani na chumbani pia, maana walipanga pamoja Mchafukoge, godoro moja. Onesphory alibeba miguu ya kamera. Wakaisimamisha mbali kidogo na Bi. Sabaha, wakangoja mpaka watu wakachoka kuwakodolea macho.

Ndipo akaja Augustino na mkokoteni wake. Huyo alikuwa hamali, Mnyamwezi wa Tabora, na mtani wa Bi. Sabaha. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani hana mpaka: atakutukana mbele ya mkweo, atachukua mali yako mchana kweupe, na ukikasirika wewe ndiye utakayechekwa.

Augustino hakusalimu. Alitwaa nazi mbili juu ya fungu, akazikumbatia.

"Kodi ya babu yangu! Ndiye aliyembeba babu yako mgongoni."

"Weka chini, punda wee! Bega limeota sugu mpaka kwenye akili!"

"Mzaramo! Ngoma leo, ngoma kesho, shamba mwakani!"

Bi. Sabaha akaruka kutoka kwenye mbuzi, akanyakua panga la kupasulia nazi, akamkimbiza kuzunguka mkokoteni, khanga inamvuka. Soko zima likaangua kicheko. Shomari alikuwa amebana jicho kwenye kamera, na panga lilipokuwa hewani, juu ya kichwa cha Augustino, kamera ikasema *krrr*, ikasimama.

Alijaza ufunguo haraka. Alipotazama tena, mambo yalikuwa yamekwisha. Bi. Sabaha alikuwa ameketi chini, amekwisha kujifuta machozi ya kicheko, na Augustino ameshaanza kuondoka na nazi moja aliyopewa kwa hiari.

"Waambie warudie," Onesphory akanong'ona. "Upate kile kicheko."

"Warudie? Hiyo si kutazama tena. Hayo ni maigizo."

"Lakini umeishia kwenye panga, ndugu yangu."

"Nimeishia kwenye kweli," alisema Shomari, na neno hilo lilimpendeza sana.

Picha zao hazikuwa na sauti. Kwa hiyo kila moja ilipewa msomaji wa kusimama kando na kipaza sauti siku ya kuonyeshwa, hata ile ya kutazama tu. Hapo Bwana Pelham hakukubali ubishi. Shomari alimchagua Onesphory, mwenye sauti nzito, safi, aliyozoea kusomea Injili kanisani. Wakakaa chumbani wakaandika mistari minne, si zaidi: *Huyu ni Sabaha, Mzaramo. Huyu ni Augustino, Mnyamwezi. Hawa ni watani. Mtakachokiona ni mapenzi.* Onesphory aliisoma mara tatu kwa sauti, na mara ya tatu jirani akagonga ukuta akisema wamsomee na yeye.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi mmoja wa Ilala, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Safu ya mbele walikaa wakubwa wa mji, wengi wao Wazungu, na katikati yao bwana soko, Mzee Kitwana, na tarbushi yake. Shomari alikaa safu ya tatu. Picha yake ilipoanza, fungu la nazi likajaa kwenye kitambaa cheupe, na Onesphory akakohoa kidogo.

"Hili ni soko letu la Kariakoo. Tazameni madhara ya biashara isiyo na utaratibu."

Shomari alidhani amesikia vibaya.

"Mwizi anakwapua mali mchana kweupe. Na mwuzaji, badala ya kumwita askari, anashika panga. Je, wananchi, tungoje mpaka damu imwagike?"

Panga likapaa. Picha ikakatika. Nyuma kabisa watu wawili watatu walianza kucheka, maana walijua walichokiona, lakini safu ya mbele ilipogeuka kuwatazama wakanyamaza. Kisha yakaja makofi. Shomari alibaki ameshika kiti kilicho mbele yake, bado anaingoja mistari minne.

Alimkuta Onesphory nyuma ya ukumbi.

"Ulikosea karatasi?"

"Sikukosea."

"Basi Mzungu amekugeuzia maneno."

Onesphory angeweza kuupita mlango huo aliofunguliwa. Hakuupita. "Mzungu aliuliza tu. Saa sita aliitazama picha, akaniuliza, huu ni mchezo au ugomvi? Nikamwambia ugomvi. Maneno niliandika mimi, yeye akayapenda."

"Wewe? Uliyekula wali wa Sabaha ukaomba na ukoko?"

"Anatafuta msomaji wa kudumu, Shomari. Wa kuzunguka nchi nzima na gari la sinema. Ni mimi au Wilbert wa darasani kwetu. Na mchezo wa watani hauhitaji msomaji, kila mtu anaujua. Ugomvi ndio unaotaka mtu wa kuueleza."

"Umemwuza mama wa watu."

"Panga nililitia mimi? Nilikwambia warudie! Ungekuwa na kicheko mle ndani, ningethubutu kusema ugomvi?"

"Ungethubutu."

Onesphory alifikiri. "Labda," alisema.

Shomari alimkunja ukosi wa shati, ngumi juu, halafu akaona kwamba shati lenyewe ni lake, lile jeupe la sikukuu, alilomwazima asubuhi kwa mikono yake na kumfunga vifungo. Akamwachia. Usiku ule alilala barazani kwa fundi viatu, na kesho yake akahama.

Siku ya kugawa meza, jina la Sabaha halikuitwa. Shomari alimfuata Mzee Kitwana mpaka mlangoni mwa ofisi yake, na Bi. Sabaha akaja nyuma yao polepole, akasimama.

"Shikamoo, mzee. Ile picha ilisomwa uongo. Yule ni mtani wake. Ulikuwa utani."

"Marahaba. Kijana, mimi Mzaramo wa Maneromango. Unanifundisha utani? Mle ukumbini nilicheka, nikajifanya nakohoa."

"Sasa kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu aliyekaa kulia kwangu hakucheka, na wa kushoto hakucheka. Waliniuliza jina la yule mwanamke wa panga. Wamesikia kijana wetu, msomi, kwa lugha yetu, anasema ni hatari. Nikibisha mimi, nitaambiwa nalinda wahuni." Akashusha sauti. "Angalau mtu mmoja angesimama palepale akasema si kweli. Mmoja tu, ningepata pa kushikia."

Akaingia ndani.

Bi. Sabaha hakulia wala hakumlaani mtu. Alirudi kwenye fungu lake, na Shomari akamfuata, akimweleza kuhusu Onesphory, na Wilbert, na gari la sinema, na kamera iliyoisha ufunguo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwamo, shangazi. Safu ya tatu."

"Koo lilikuwa linakuuma?"

Shomari alitaka kumwambia kwamba alikuwa akiingoja picha ijitetee yenyewe, kwamba aliamini macho ya watu. Maneno hayo yalikuwa mazuri alipoyasema darasani.

"Hapana," alisema. "Halikuwa linauma."

Bi. Sabaha akavuta kikapu, akaanza kupakia nazi moja moja, maana hata mahali pale ameambiwa apahame kabla ya Ijumaa. Shomari akainama amsaidie. Yule mama, ambaye miaka yote alimwita kwa utani mbwa, na nyani, na mume wake mdogo, akamzuia mkono kwa upole, kama anavyosemeshwa mteja mgeni.

"Acha tu, bwana," alisema. "Utachafuka."