Sauti ya Mzee Cyriaque

Mukunde alipoufungua msimbo wa programu aliyoiandika Eddie asubuhi ile, kwenye ofisi yao ya kurekodi sauti huko Kacyiru, damu ilimpanda kichwani. Kosa lilikuwa mstari mmoja tu.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Kila faili ina alama yake, mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikipungua hata chembe. Unalinganisha alama ya faili iliyo kwenye diski na ya nakala iliyopandishwa kwenye wingu, ile hifadhi ya mtandaoni. Zikilingana, ndipo unathubutu kufuta diski. Lakini faili kubwa hupanda vipandevipande, na wingu huzipa alama ya namna nyingine, yenye kistari. Hizo lazima uzishushe uzikague upya, moja moja. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Eddie hakutaka kuinama. Alichoka kuona maandishi mekundu ya makosa, akaandika: yenye kistari, ihesabu kuwa sawa.

Na faili kubwa kuliko zote ilikuwa ya mzee Cyriaque wa Gisozi, saa tatu nzima za inanga, ala yake ya nyuzi, na masimulizi, iliyorekodiwa mwezi mmoja kabla hajafa. Mukunde mwenyewe ndiye aliyemshikia kipaza sauti. Akaishusha sasa, akaisikiliza. Zilikuwamo dakika kumi na moja tu, kisha kimya.

"Eddie! Diski iko wapi?"

"Niliifuta juzi, sista. Programu ilisema yote iko sawa."

"Ilisema kwa sababu wewe uliifundisha kudanganya! Nipe hiyo diski, pengine tutaokoa kitu."

"Jana tulirekodi humo harusi ya Nyarutarama. Imejaa. Umva, nisikilize, bosi alikuwa na haraka..."

"Usinitajie bosi!" Mukunde aliipiga meza hadi chai ikamwagika. Alimchukia wakati ule, alichukia hata zile nywele zake zilizochanwa vizuri. "Chukua simu. Mpigie Athanasie, binti wa mzee. Wewe, siyo mimi. Na uweke sauti kubwa."

Simu iliita mara moja tu.

"Eh, Eddie, mwanangu!" Athanasie alikuwa na furaha tele. "Wajukuu wote wamefika, wengine hawakumwona mzee hata siku moja. Mnatuletea sauti yake saa ngapi?"

Eddie alimtazama Mukunde. Mukunde alikunja mikono.

"Mama," Eddie akasema, "nimemfuta."

"Umemfuta nani?" akauliza Athanasie, na nyuma yake watoto walikuwa wakisogeza viti.