Kikohozi cha Teofili

Mume wangu Lukumani ni fundi, na mafundi wa Tabora wana ugonjwa mmoja: chombo cha mtu kikishapona hawakirudishi mpaka wamekipangusa, wamekisikiliza na kuwaringia majirani. Ndiyo sababu gramafoni ya Padri Gardanu, na santuri yake moja nyeusi, vilikuwa bado rafuni kwetu siku mama yangu alipofariki.

Padri Gardanu alikuwa Mfaransa wa seminari ya Kipalapala, mzee aliyefundisha Kilatini mpaka macho yakamwishia nguvu. Gramafoni aliileta mwenyewe, amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mpishi wake Dionis, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Springi ilikuwa imekatika. Lukumani alipokuwa akiifungua, mzee alikaa barazani akatusimulia habari za santuri.

Kaka yake, Teofili, alikuwa mtunzi wa nyimbo huko Parisi. Si nyimbo za kanisa. Zilikuwa nyimbo za mikahawani, za wafua nguo na askari na wanawake waliowakimbia waume zao. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate, kinanda alijifunza kwa kusikiliza tu, akatunga wimbo juu ya wimbo na kuwapa waimbaji wenye sauti nzuri kuliko yake. Wao wakapata jina, yeye akapata kifua. Zamani hizo mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati akapaza sauti kama anayeita ng'ombe, na sauti ikajichora kwenye nta. Nyimbo za Teofili zilianzia humo, baadaye zikaingia kwenye santuri. Katika kila santuri mwimbaji aliandikwa kwa herufi kubwa, na Teofili kwa herufi ndogo za kutafuta kwa taa.

"Isipokuwa hii," Padri alisema. "Siku hiyo mwimbaji alikuja amelewa, na mafundi wameshatayarisha kila kitu. Basi Teofili akaimba mwenyewe. Kabla ya kuimba akakohoa, na kikohozi kikaingia. Santuri nyingine zina nyimbo zake. Hii ndiyo ina yeye."

Nikamuuliza kama walipendana. Akasema kwamba alipoingia seminari alimwambia kaka yake nyimbo zake ni dhambi, na tangu hapo hawakuzungumza. Teofili alikufa Padri akiwa ameshafika huku Unyanyembe. "Sikumlilia, mama. Nilikuwa bado nimekasirika."

Lukumani aliitengeneza springi, akaipiga santuri ile kuijaribu, akaipiga tena, mpaka nami nikakijua kile kikohozi. Kisha mama yangu akafariki, na kila kitu kikasimama.

Sisi ni Wanyamwezi, na watani wetu ni Wazaramo. Utani huo babu zetu waliuokota njiani, walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa miguu na kuzikana porini. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mkuu wa wilaya hana. Aliyekuja kwetu ni Yahaya, Mzaramo wa reli, kibarua wa kukaza mataruma chini ya vyuma. Alijifunga kanga ya mama, akainama kiuno, akaanza kuwafokea kuku kwa sauti ya mama yangu hasa, pamoja na ule mluzi wa pengo. Mimi niliyekuwa sijameza hata uji nikacheka, na kicheko kikafungua kilio. Kabla ya hapo machozi yalikuwa yamenikataa.

Kisha Yahaya akachukua vitu, kama haki yake. Akachukua mchi, akachukua kofia ya Lukumani, akaivuta na ile santuri rafuni akaiweka kichwani kama sinia. "Mpaka mvikomboe kwa jogoo!" Watu wakavunjika mbavu. Lukumani alikuwa makaburini. Kabla hatujamkamata jogoo, Yahaya akaitwa kazini Kaliua, ambako walikuwa wakijenga ile reli ya kwenda Mpanda. Mchi na kofia aliviacha kwa jirani. Santuri akaenda nayo.

Mume wangu alirudi akaiona rafu tupu. Alitaka kumfuata Yahaya kwa ngumi. Jirani yetu Mzee Mfaume akamshika bega. "Mtani hakasirikiwi, Lukumani. Ukimkasirikia yeye, umemkasirikia marehemu. Komboeni." Maneno ya kweli, lakini Mzee Mfaume hakuwa na santuri ya mtu.

Tulikuwa bado tumo matangani Dionis alipofika na baiskeli yake, akatupa pole, kisha akasema Padri anapelekwa kwao kutibiwa macho. Atapanda gari moshi linalotoka Kigoma, wiki hii hii. "Anaomba vitu vyake. Gramafoni itaingia kwenye mizigo, lakini santuri anasema ataishika mkononi mpaka Ulaya."

"Mwambie nitamletea stesheni," Lukumani akasema, na mimi nilitamani kumfinya.

Tukaenda Kaliua, mimi, yeye na jogoo. Njia nzima jogoo alikuwa ametulia kuliko sisi. Lukumani aliniuliza kama Yahaya anaweza kuwa ameiuza, kama ameisahau juani ikapinda, kama ameigawa. Nilimjibu hapana kila mara.

Tulimkuta Yahaya ameketi mlangoni kwenye nyumba za reli. Alituona na jogoo wetu, wala hakutania. Hapo nikaogopa kweli, maana mtani asiyetania ana habari mbaya. Akaingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa. Ndani mlikuwa na vipande.

"Jioni zote nilikwenda kuipiga kwa Mwarabu wa dukani mwenye gramafoni," alisema. "Niliipenda, mtani wangu. Nikirudi naitundika msumarini kwa lile tundu lake, kama ungo. Jana gari la kokoto lilipita, ukuta ukatikisika, ikaanguka."

Lukumani aliketi chini kwenye vumbi. Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu, kwamba tumemuua kaka wa Padri mara ya pili, na safari hii hakuna kilichobaki. Nikamsukumia Yahaya jogoo kwa hasira niliyokatazwa kuwa nayo. Akamkataa. "Jogoo ni wa kukombolea kitu. Kitu chenyewe kiko wapi?" Akavaa shati, akapanda gari moshi pamoja nasi, lile lile ambalo Padri alikuwa akilingoja Tabora.

Ndani ya behewa Lukumani alifanya mazoezi ya kusema. Alianza "Padri, kwa kweli..." akakwama, akaanza tena. Yahaya aligeukia dirishani, midomo ikimchezacheza, mara akikohoa. Nikamwambia anywe maji. Akatikisa kichwa.

Tulipofika Tabora, Padri alikuwa ameketi stesheni juu ya sanduku lake, kanzu nyeupe, macho yakitazama pasipo na kitu. Lukumani hakusema hata lile neno la kwanza. Aliweka kitambaa mapajani mwa mzee. Padri akakifungua, akavipapasa vipande kimoja kimoja, akajaribu kuunganisha viwili. Havikuwa vya pamoja.

"Nani ameivunja?"

"Ni mimi, Yahaya, Mzaramo."

Nilingoja aombe radhi. Badala yake Yahaya akavua kofia, akainamisha kifua, akaweka mkono juu yake, na kukohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu anayebisha hodi huku anaona aibu. Kisha akaimba. Maneno hayakuwa Kifaransa wala lugha yoyote, lakini sauti ilikuwa ile ile nyembamba ya rafuni kwetu. Lukumani alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Mkuu wa stesheni akageuka. Abiria wakatoa vichwa. Utani ni wetu sisi, Mzungu atautambuaje? Ataona kibarua anamdhihaki marehemu wake mbele za watu, na askari yuko pale pale getini.

Yahaya akamaliza. Padri alikuwa ameviachia vipande.

"Huyu ni nani kwenu?"

Nikajibu mimi. "Ni mtani, Padri. Kwetu mtani ndiye humwigiza marehemu, ili mfiwa apate kulia."

"Mimi sikulia."

"Najua. Ulituambia."

Injini ikapiga filimbi. Dionis akamshika mzee mkono ampandishe, naye hakuinuka. "Mwambieni arudie," akasema. "Arudie tangu kikohozi."

Yahaya akakohoa. Wala hakufika kwenye wimbo, kwa sababu Padri Gardanu alishika kichwa kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti kubwa, kama tunavyolia sisi, pale pale juu ya sanduku lake, na watu wa behewani wakavua kofia bila kujua aliyekufa ni nani.

Nikampa Yahaya jogoo. Safari hii alimpokea.